Imani ya Kikristo na utiifu kwa vyama vya siasa nchini Kenya

ZAIDI ya asilimia 80 ya Wakenya hujitambulisha kuwa Wakristo, kwa mujibu wa sensa za 2009 na 2019, lakini nchi hii haijawahi kutawaliwa na chama kinachojiita cha Kikristo.

Hata nia hiyo ingekuwepo, Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama cha kisiasa kuasisiwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo.

Ni tofauti na Ujerumani, ambako chama cha CDU kilianzishwa 1945 na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti waliotaka siasa zinazoegemea maadili ya Kikristo. Chama hicho kimetoa machansela kadhaa, wakiwemo Konrad Adenauer na Angela Merkel.

Hata hivyo, kukosekana kwa chama cha Kikristo hakumaanishi kwamba Mkristo wa Kenya huiacha imani yake mlangoni anapoingia katika chumba cha kupigia kura. Imani humwelekeza kwa njia tatu: kupitia jamii ya kanisa lake, kupitia dhamiri yake, na kupitia suala moja analoliona kuwa zito kuliko mengine yote.

Historia ya miaka 40 iliyopita yaonyesha kwamba njia hizo hazina nguvu sawa.

Ramani ya wamishenari

Wakati wa ukoloni, mashirika ya kimishenari yaligawana maeneo ya kuhubiri. Wapresibiteri walikita mizizi katika Mkoa wa Kati, Wamethodisti Meru na Pwani, Quakers katika Mkoa wa Magharibi, na Waadventista katika maeneo ya Kisii na Nyanza Kusini. Shirika la Africa Inland Mission lilienea Ukambani na Bonde la Ufa.

Matokeo yake ni kwamba madhehebu mengi yalifuata mipaka ya makabila. Vyama vilipoanza kufuata mipaka iyo hiyo, ikawa vigumu kutambua iwapo mwumini anafuata chama kwa sababu ya imani, au kwa sababu majirani wake wote wako humo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Hayati Rais Daniel arap Moi. Alisomea katika shule za wamishenari wa Africa Inland, akabaki mshiriki wa kanisa la AIC maisha yake yote, na ibada zake za Jumapili zikawa habari za kila wiki katika redio na runinga ya taifa.

Kwa wengi wa waumini hao, kuiunga mkono KANU kulikuwa kumuunga mkono ndugu katika imani.

Foleni iliyogusa dhamiri

Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria mnamo Juni 1982, kupitia kifungu cha 2A cha Katiba. Miaka minne baadaye, KANU ilitangaza kwamba mchujo wa wagombea utafanywa kwa mlolongo, yaani wapiga kura kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka au wakala wake.

Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilipinga. Mchungaji, lilisema, hawezi kusimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya kundi lake lote bila kuligawanya. Maaskofu wa Kanisa Katoliki pia walieleza wasiwasi wao.

Mgogoro huo uliyapasua makanisa yenyewe. AIC, kanisa la Rais, lilijiondoa katika NCCK mwaka huo huo wa 1986.

Mlolongo ulitumika 1988, na aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mchujo alihesabiwa kuwa amechaguliwa pasipo kura ya siri. Jarida la Beyond, lililochapishwa na NCCK, lilipigwa marufuku mwaka huo baada ya kuanika udanganyifu uliotokea.

Wakristo wa pande zote mbili walishika Biblia moja. Waliotetea chama walinukuu mafundisho ya Mtume Paulo kwa Warumi kuhusu kutii mamlaka. Waliokipinga walikumbusha jibu la mitume mbele ya baraza la Wayahudi, kwamba Mungu hutiiwa kabla ya binadamu.

Gharama ilikuwa kubwa. Aprili 1989, nyumba ya Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana ilivamiwa usiku huko Kirinyaga. Januari 1, 1990, Kasisi Timothy Njoya wa PCEA alihubiri kwamba upepo ulioangusha tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki ungefika Afrika, naye akashutumiwa vikali na wakuu wa KANU.

Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alitaka kifungu cha 2A kiondolewe. Agosti 1990, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumwonya asikanyage huko.

KANU iliacha mlolongo Desemba 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991.

Ni muhimu kutambua kwamba viongozi hao hawakuwaita waumini wajiunge na chama fulani. Waliwaambia kwamba yako mambo ambayo chama hakina haki ya kuyadai kutoka kwa mtu.

Kanisa lilipochukua upande

Mambo yaligeuka katika uchaguzi wa 2007, uliowakutanisha PNU ya Mwai Kibaki na ODM ya Raila Odinga. Makasisi kadhaa waliwania viti, na sauti za makanisa zikagawanyika kwa kufuata maeneo na makabila.

Baada ya matokeo kutangazwa, ghasia ziliua zaidi ya watu 1,100. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Februari mwaka huo, NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hivyo walishindwa kuyakabili kwa uthabiti matatizo yaliyolisibu taifa. Waliohitaji mpatanishi walikuta mpatanishi naye ana upande.

Suala moja

Kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 ilipima njia ya tatu. Makanisa mengi makuu yaliwahimiza waumini kuikataa rasimu ya Katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kuhusu uavyaji mimba.

Rasimu ilipita kwa takriban thuluthi mbili ya kura, katika nchi yenye Wakristo wengi kiasi hicho. Mkoa pekee ambako upande wa La ulishinda ulikuwa Bonde la Ufa, ambako wanasiasa wakiongozwa na William Ruto pia waliipinga.

Kwa maneno mengine, pale maaskofu waliposimama bila wanasiasa wa eneo, wengi wa waumini wao walikwenda njia nyingine.

Mimbari na mchango

Tangu hapo, makanisa kadhaa yamejaribu kujitenga na vyama. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku siasa katika mimbari za Kanisa la Kianglikana. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru kurudishwa kwa mchango ambao Rais Ruto alitoa katika kanisa moja la Katoliki mtaani Soweto.

Hatua hizo zarejelea funzo la foleni za 1988. Imani haijaweza kumwambia Mkristo wa Kenya kadi ya chama gani aibebe, na ilipojaribu, kanisa liligawanyika pamoja na taifa. Imeweza zaidi kumwonyesha mahali pa kuishia: kwamba mtu aweza kuwa mwanachama mwaminifu, na bado akakataa kupanga foleni.