Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mtu: Bibi Zetu wa Ng'ambo na Mgomo wa Kodi wa 1928



Juzi nilikaa na biharusi mmoja ambaye ndoa yake imesogezwa mbele mara ya pili. Mahari tayari, nguo zimeshashonwa, mpaka mtia hina ameshapewa siku yake. Kilichokwama ni chumba na ukumbi. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na bei aliyoitaja kabla ya Ramadhani siyo anayoitaja leo. Mwana wa watu analia, anadhani hili limemfika yeye tu.

Nikamwambia: mdogo wangu, futa machozi nikupe hadithi. Bibi yangu aliyekulia Ng'ambo alikuwa na neno moja akilirudia kila tukizungumza mambo ya nyumba: "Nyumba ilikuwa yetu, kiwanja cha mtu." Nilipokuwa mdogo sikulielewa. Nimelielewa ukubwani, nami nataka kila mwali alielewe kabla hajaingia nyumbani kwake.

Zamani mkono wa bahari ulipita pale Darajani na kuutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Ndiyo maana upande ule ukaitwa Ng'ambo. Mjini walikaa wenye majumba ya mawe, Ng'ambo wakakaa wenye nyumba za udongo. Mji huo wa pili ulizidi kukua baada ya amri ya kukomesha utumwa ya 1897. Watu waliachia mashamba ya wenyewe wakaja mjini kutafuta riziki, wakakutana na wengine waliotoka bara, Ngazija na kwengineko. Wanawake walikuwa wengi humo. Na tusisahau kwamba amri ile ya 1897 haikuwagusa masuria. Wao walingoja mpaka 1909.

Mwanamke aliyetoka utumwani alikuwa hana ukoo wa kumrithisha, hana shamba. Kitu cha kwanza alichokitamani ni mlango wa kuufunga mwenyewe. Basi alidunduliza. Alikaanga maandazi, alifua, alisuka ukili, aliuza vyungu, mpaka akapata miti, fito na makuti. Majirani wakaja kumsaidia kukandika udongo. Nyumba ikasimama, ikawa yake. Ng'ambo wanawake wengi walimiliki nyumba zao wenyewe, na chumba kimoja wakakipangisha kwa mgeni ili wapate pesa ya mkononi. Kwa mwanamke ambaye mama yake aliuzwa sokoni, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini ardhi chini ya nyumba ile ilikuwa ya mtu mwengine. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ilikuwa mali ya matajiri wa mjini, na baadhi yake ilikuwa wakfu. Hapo mwanzo wenye ardhi wengi hawakudai kitu. Tajiri wa zama zile alihesabiwa kwa wingi wa watu wake, hivyo aliwaachia wajenge, nao wakamheshimu na kwenda kumwamkia siku za sikukuu. Ilikuwa ihsani, na wengine waliiona kuwa ni sadaka.

Kisha zama zikabadilika. Mji ukajaa, kiwanja kikawa na thamani, na heshima ya kuamkiwa ikawa hailipi madeni. Ardhi ikauzwa kutoka mkono hadi mkono, au ikarithiwa na watoto wasiowajua watu wa baba yao. Pakaanza kudaiwa kodi ya kiwanja. Miaka ya 1920 kodi hiyo ikawa inapanda, huku vibarua na wachukuzi mishahara yao iko pale pale.

Hapa ndipo neno la bibi linapokaa. Mtu akishindwa na kodi ya chumba hufunga virago akahama. Ila mwenye nyumba ya udongo ahame vipi? Kuta huwezi kuzikunja ukazitia kichwani. Mwenye kiwanja akipandisha kodi, ama ulipe, ama uvunje kwa mikono yako nyumba uliyoijenga kwa miaka. Wenye viwanja walilijua hilo.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakasema basi. Wakaacha kulipa kodi ya viwanja. Hakuacha mmoja wala wawili, waliacha maelfu, mtaa baada ya mtaa. Hoja yao haikuwa kwamba hawana pesa tu. Walisema ardhi ile waliachiwa wakae, na kwamba aliyepewa kwa ihsani hageuziwi kibao akadaiwa. Kwao lilikuwa jambo la haki na la dini kabla ya kuwa la pesa.

Wanawake hawakukaa nyuma ya mlango kuchungulia. Wengi wao ndio wenye nyumba hasa, basi mgomo ulikuwa wao kama ulivyokuwa wa waume zao. Na walipokamatwa watu na kufungwa kwa kukataa kulipa, umati uliandamana mpaka jela kuwatoa, na wanawake walikuwa miongoni mwa waliotangulia mbele. Serikali ya Kiingereza ilishtuka. Mwishowe ilitunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akiwa muuza vyungu, alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kusikiliza, na mengi aliyoyaimba yalihusu dhulma walizoziona watu wanyonge. Nalitaja hilo ili ujue jamii ile ilikuwa ya namna gani. Walikuwa na nyumba za makuti, lakini walikuwa na ulimi.

Sitaki kukupambia hadithi. Wapo waliofungwa, na sheria ilizuia kodi isipande lakini haikuwapa kiwanja. Ardhi ilibaki kuwa ya watu mpaka baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilipoitwaa. Hata hapo mambo yalikuwa na pande mbili: nyumba nyingi za zamani zilivunjwa kupisha majumba marefu ya Michenzani. Wapo waliofurahi kupata maji na umeme, na wapo waliolia kuukosa ua na baraza.

Sasa turudi kwa biharusi wetu. Yako mambo ninayoyachukua kwa bibi zetu wale.

La kwanza, walijua makao ni haki wala si anasa. Aya ya 6 ya Surat At-Talaq inawazungumzia wanawake walioachwa wakiwa edani, kwamba wakalishwe wanapokaa waume zao kwa kadiri ya uwezo wa waume hao. Wanazuoni wakasema, ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliyemo ndani ya ndoa anayo zaidi. Angalia basi pande zake zote mbili: ni haki yako, na ni kwa kadiri ya uwezo wake. Kama uwezo wake ni chumba kimoja Mwanakwerekwe, usimwingize kwenye deni kwa ajili ya nyumba ya kuwaonesha mashoga. Na mabwana nao wasiseme "kaa kwa mama" kana kwamba wanatoa zawadi.

La pili, walipata hasara kwa kutegemea maneno matupu. Yule tajiri wa mwanzo alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukuandikwa, na alipokufa ukafa naye. Leo ukipanga, andikianeni: kodi kiasi gani, muda gani, na itapanda lini. Chukua risiti. Mkijenga kwenye kiwanja cha familia, mjue kwa maandishi kiwanja cha nani na nyumba ya nani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, aya ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kuandika si kukosa imani na mtu.

La tatu, hawakubeba mzigo kila mtu peke yake. Udongo walikandika pamoja, na kodi waliigomea pamoja. Sisi leo tunacheza upatu ili tununue sare za harusi ya watu. Hebu safari hii upatu mmoja uwe wa kodi ya biharusi, au wa matofali. Na wewe uliyejaaliwa nyumba ya kupangisha, kumbuka kuwa kumpunguzia maharusi kodi ya mwaka wa kwanza ni sadaka inayoingia ndani ya nyumba ya watu na kukaa humo.

Biharusi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwani bibi yako nyumba yake aliipoteza?" Nikamwambia hapana, alizaa humo, akazeeka humo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na mchumba wake wakaangalie chumba kimoja, ukumbi utakuja wenyewe.

Allah awajaalie maharusi wetu makao yenye utulivu na majirani wema. Amin.