Kipya Kinyemi: Nguo Mpya na Uungwana Visiwani

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika visiwa vya Unguja na Pemba msemo huu hupata maana yake kila majira yanapogeuka. Kasha hufunguliwa, nguo huanikwa juani, chetezo hutiwa makaa na hina hupondwa. Mtazamaji wa haraka aweza kuiita desturi hii anasa, au mchezo wa wanawake. Lakini historia ya nguo mpya visiwani ni historia ya uungwana pia: nani aliruhusiwa kujisitiri kwa vazi gani, nani alinyimwa, na nani aliitwaa haki hiyo fursa ilipowadia.

Kwa karne nyingi mavazi yalifuata pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu Disemba hadi Machi, majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalitia nanga yakiwa na vitambaa, udi na marashi. Kusi iliposhika yaligeuza tanga na kurudi kwao. Hivyo kaskazi ilikuwa wakati wa kununua na kuchagua, na masika yaliyofuata yalikuwa wakati wa kufungia nguo makashani pamoja na viungo vyenye harufu, ili zisiingie uvundo. Kipupwe kilipofika, jua na upepo mkavu vilizitoa nguo nje tena.

Juu ya majira ya pepo palikuwa na majira ya ibada na mila. Idi hufuata mwezi mwandamo, nayo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Kwa hiyo nguo ya Idi huweza kuvaliwa katika joto la kaskazi au katika matope ya masika. Nairuzi, mwaka wa Waswahili, hufuata jua kwa hesabu ya siku 365. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe yake huangukia mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Jina lenyewe linaeleza: mwaka huogwa. Desturi ya zamani ya pwani ilikuwa kuingia baharini siku hiyo na kuuacha uchafu wa mwaka uliopita katika maji ya chumvi. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili ugomvi uliobaki uishe. Wanawake hujitokeza kwa kanga zao nzuri kuliko zote, wakiimba. Mwili huoshwa kwanza, kisha huvishwa, na mwaka mpya humkuta mtu akiwa safi.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alizieleza sikukuu za jumba la babaye katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo msomaji huona hina, manukato, vito na mavazi mapya ya Idi. Ni picha ya kupendeza, lakini ina upande wake wa nyuma. Hina ile haikujiponda, na maji ya kuogea hayakujiteka. Nyuma ya urembo wa jumba palikuwa na mikono ya watumwa, na mikono hiyo ilikuwa na nguo yake iliyopangiwa.

Nguo hiyo ilikuwa merikani au kaniki. Merikani ilipata jina kwa Marekani ilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani, na meli za Salem zikawa zikileta marobota ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu na cha rangi ya maziwa yaliyoganda. Kaniki ilitoka Bara Hindi, nayo ilitiwa nili hadi ikakaribia weusi. Mwanamke mtumwa alifunga kipande kimoja chini ya makwapa, mabega wazi na kichwa wazi. Mwanamume alijifunga shuka kiunoni. Kofia na viatu mbele ya bwana havikuwa vyake. Bibi wa kiungwana alivaa barakoa usoni. Huko Lamu na Mombasa alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa ili asionekane na macho ya njiani. Mwenye macho hakuhitaji kuuliza fulani ni nani. Nguo ilikwisha kusema.

Katika miaka ya 1870 na 1880 ikazaliwa nguo ambayo baadaye ingeuvuruga mpango huo. Inasimuliwa kuwa wanawake wa pwani walinunua leso za rangi, zile za mkononi ambazo jina lake limetoka kwa Wareno, zikiwa bado hazijakatwa. Waliziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa hivyo. Madoadoa ya mapambo ya mwanzo yalifanana na manyoya ya ndege, na nguo ikaitwa kanga.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Uhuru huo haukuja wenyewe mlangoni. Mtumwa alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na kuonyesha makazi na njia ya kujikimu, la sivyo aweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Shamba halikugawiwa, wala nyumba. Aliyetoka mahakamani alikuwa huru, lakini mfukoni hakuwa na kitu cha kuuthibitisha uhuru huo mbele ya jirani aliyemjua jana.

Kitu kimoja kilikuwa karibu na mkono: nguo. Fedha ya kuchuma karafuu, ya kushona kofia, ya kuuza vyungu au maandazi haikutosha kununua shamba, ila ilitosha kununua doti ya kanga. Kaniki ikavuliwa. Mwanamke akajifunga upande mmoja, wa pili akajitanda kichwani na mabegani, pale palipokuwa wazi. Mwanamume akavaa kanzu na kofia, akaenda msikitini akiwa amevaa kama aliyekuwa bwana wake. Miaka michache baadaye buibui likaenea mjini. Shiraa ilihitaji watumwa wa kuibeba. Buibui lilihitaji mvaaji tu. Likavaliwa na bibi wa nyumba ya ghorofa na mwuza samaki wa Ng'ambo, na kwa mbali hawakutambulikana.

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha mabadiliko hayo kwa mtu mmoja. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Wakati huo alikwisha kuitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Jina lilivuliwa na jingine likavaliwa, kama nguo.

Upya ulikuwa na masharti yake. Kanga ilikuja na mapambo mageni tena na tena, na kila pambo lilikuwa na siku zake za kusifiwa. Mapema katika karne ya 20 maneno yakaanza kupigwa chapa juu ya nguo, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ndilo linalotajwa zaidi katika habari hii, na nguo zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Sasa mvaaji hakuvaa rangi tu, alivaa kauli. Vikundi vya lelemama vilishindana kwa sare, na aliyeshindwa kununua alibaki pembeni au aliingia katika deni. Hapo ndipo kinyemi kilipoonyesha kidonda chake: nguo iliyomtoa mtu katika aibu ya jana iliweza kumtia katika deni la kesho.

Hata hivyo ada ya visiwani ilikuwa na dawa yake. Doti ina pande mbili, na mwenye doti huweza kumpa shoga yake upande mmoja. Uhaba ulipozidi katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipopanga foleni kwa bidhaa ndogo, kupewa upande wa kanga kulikuwa ni jambo lisilosahaulika. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, maduka yalijaa tena, lakini thamani ya upande uliotolewa siku za dhiki haikushuka.

Nguo mpya, kwa hiyo, haikuifukuza ya zamani. Kanga iliyovaliwa Idi na Mwaka Kogwa, ikapakwa manukato na kufukizwa udi, ilishuka daraja kwa taratibu: kutoka ya kutokea ikawa ya nyumbani, kutoka ya nyumbani ikawa ya jikoni. Ilipolainika kabisa kwa kufuliwa, ndipo ilipotafutwa kwa kazi iliyo kubwa kuliko zote. Mtoto anapozaliwa havishwi kanga ngumu ya dukani. Huzungushiwa ile kuukuu ya mama au ya bibi, ambayo haimkwaruzi. Vizazi vya wale waliovua kaniki mwaka 1897 vilipokewa duniani hivyo, ndani ya nguo iliyochakaa ambayo hapo zamani iliwahi kuwa mpya, na ambayo aliyeinunua aliichagua mwenyewe.