Mali Bila Daftari



Kila tarehe 9 Desemba tunapokusanyika hapa Brussels, tunawasimulia watoto wetu habari za mwaka 1961: bendera mpya, mwenge juu ya Kilimanjaro, furaha ya wazee wetu. Mara chache tunawaambia ni nani alishika fedha za wilaya baada ya hapo, na ni nani alizihesabu.

Tulianza uhuru tukiwa na halmashauri za wilaya. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zilivunjwa. Jina lilisema madaraka yanashuka kwa wananchi. Walioshuka hasa ni maofisa wa serikali kuu. Huduma zikazorota. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena.

Fedha zikasogea karibu na wananchi; mikono ya wadokozi nayo ikasogea. Wazee walishasema: mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu vya halmashauri na kutoa hati: safi, yenye shaka au mbaya. Lakini hati safi husema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haiapi kwamba darasa limeezekwa. Anayelijua hilo ni mzazi anayepita pale kila asubuhi.

Majirani zetu wa Uganda walilionja hilo. Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ya shule za msingi, ni kama 13 tu zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza mgao magazetini na kuubandika kwenye kuta za shule. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya 80 zilikuwa zikifika.

Huku tuliko, komuni 19 za Brussels hupitisha bajeti na hesabu zao katika vikao vya wazi. Nyumbani, mkutano wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Basi tunapochangia zahanati au madarasa, tusiishie kutuma. Tuulize: taarifa imesomwa? Risiti ziko wapi? Kuuliza si kumshuku mtu. Ni kumlinda hata mshika fedha mwaminifu. Na tuanze na daftari la chama chetu, watoto wakiona.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru!