"Source" na "Quelle": Neno Moja katika Habari za Mto Nile

Wilaya ya Ngara, ambamo Kabanga imo, imepakana na Burundi na Rwanda. Huko mto Ruvubu, utokao Burundi, hukutana na Nyabarongo utokao Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo. Na maji yao, kwa jina la Kagera, huishia katika Ziwa Victoria. Wasafiri wa karne ya 19 walibishana sana juu ya maji hayo, na sehemu ya ubishi huo yahusu tafsiri.

Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui, upande wa Biharamulo, mwaka 1861. Mwezi wa Julai 1862 aliona mahali Nile inapotoka ziwani, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 alitangaza kuwa amevumbua "source" ya mto huo. Neno hilo la Kiingereza lina maana nyingi: mahali mto unapoanzia, asili ya jambo lolote, hata mtu au maandishi yatoayo habari. Likitumiwa kwa mto halilazimishi maji yawe yanabubujika ardhini. Ziwa nalo laweza kuitwa hivyo.

Kitabu hicho kilipotolewa kwa Kijerumani huko Leipzig mwaka 1864, kiliitwa "Die Entdeckung der Nilquellen". "Quelle" nalo lina maana ya asili, na ya maandishi ategemeayo mwanahistoria. Lakini likitajwa kwa maji, maana yake ya kwanza ni chemchemi. Kadhalika umoja umegeuka wingi, na ziwa moja likawa chemchemi nyingi. Wingi huo haukuzuliwa na mfasiri, kwani wataalamu wa kale walizoea kutaja chemchemi za Nile kwa Kilatini. Jina likapata kuzoeleka kwa msomaji, likapoteza usahihi.

Oscar Baumann, Mwaustria, aliingia Urundi mwaka 1892 akafuata Ruvubu. Kitabu chake cha mwaka 1894 chataja "Nilquelle", kwa umoja. Richard Kandt, Mjerumani, aliuchagua Nyabarongo, na mwaka 1898 akafika chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker, Mjerumani vilevile, aliurudia upande wa Ruvubu, akafika chemchemi ya Ruvyironza, kusini mwa Burundi. Kwa watu hao ziwa halikutosha kuwa jibu.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa neno peke yake ndilo lililowaongoza. Stanley, aliyeandika kwa Kiingereza, aliichunguza Kagera mwaka 1876 akaiita Nile ya Alexandra. Neno halikuzaa swali, bali liliweka kipimo cha jibu: anayeuliza "source" aweza kuridhika na ziwa, anayeuliza "Quelle" hutazamia kuona maji yakitoka ardhini.

Mfasiri wa Kiswahili naye hana budi kuchagua. Akiandika "chemchemi ya Nile", ameamua kuwa Speke alikosea. Akiandika "chanzo" au "chimbuko", ameliacha shauri wazi. Hivyo neno lenye maana nyingi halifasiriwi kwa kamusi peke yake, bali kwa kujua kwanza mwandishi alisimama wapi, na ni maji gani yaliyokuwa mbele yake.