Ute wa Mwanamke: Kutoka Pamba za Wakati wa Bibi Aisha hadi Zahanati za Kilimanjaro



Mimi ni fundi cherehani hapa Marangu Mtoni. Mwanamke akivua baibui apimwe gauni, na mdomo nao hufunguka, kwa hiyo nasikia mengi. Mwaka jana baada ya Idi alikuja mwali kujaribu gauni lake la nikahi, akawa hawezi kukaa kitako. Nilipomuuliza mara ya pili akalia. Alikuwa akiwashwa na kutokwa na kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyokatika. Alimwambia shangazi yake, naye akampa shabu ajiweke ndani ili "akauke". Ikamchoma, hata haja ndogo ikawa mateso. Zilibaki siku 12 kufika harusi. Nikamuuliza kwa nini hakwenda zahanati. Akanijibu, "Dada, niende nikawaambie nina uchafu?"

Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike. Redioni, mitaani na hata hospitali tunasema "uchafu ukeni", na chini ya jina hilo tumeweka vitu viwili tofauti. Kila mwanamke aliyebaleghe ana ute. Katikati ya mwezi huwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai. Siku nyingine huwa mweupe na mzito kidogo. Mimba huuongeza, na hedhi ikikoma kwa umri hupungua. Haunuki vibaya, hauwashi. Huo si uchafu, ni mwili unajisafisha. Mzima akiambiwa ana uchafu, atajisugua mpaka augue. Mgonjwa akiambiwa hivyo, atajificha.

Wanawake wa Madina hawakujificha. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha (r.a.) vichombo vidogo vyenye pamba iliyoingia umanjano wa mwisho wa hedhi, wakimuuliza kama wakati wa kusali umefika. Naye akiwaambia wasiwe na haraka mpaka wauone weupe. Hebu fikiri, pamba ile inabebwa njiani mpaka nyumbani kwa mke wa Mtume (s.a.w.), inaangaliwa, jibu linarudi. Ummu Atiyya (r.a.) naye alieleza kuwa umanjano na ukahawia unaokuja baada ya tohara hawakuuhesabu kuwa hedhi. Fatma binti Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume mwenyewe kuuliza juu ya damu isiyokatika, akaelezwa kuwa hiyo inatoka kwenye mshipa, si hedhi. Walijua rangi, walijua siku, na jambo likiwatatiza waliuliza. (Ute wa kawaida hauna josho. Juu ya udhu muulize ustadhati wako, wanazuoni wana maelezo yao.)

Hao walitumia macho. Chombo cha kuona zaidi ya macho kilifika karne nyingi baadaye. Mwaka 1836, Paris, daktari Alfred Donné aliweka ute wa wagonjwa chini ya hadubini akaona kijidudu kinachoogelea, ambacho leo tunakiita trikomonasi. Mwaka 1892 Mjerumani Albert Döderlein akaeleza bakteria wema wanaoishi ukeni na kutengeneza asidi, ileile inayochachusha mtindi. Asidi hiyo ndiyo ukuta wetu. Sabuni ya ndani, maji ya ndimu, shabu, udi unaofukizwa mpaka ndani, vyote vinaupiga ukuta huo. Singo ya mwilini haina neno, nami naipenda, lakini iishie nje.

Huku mlimani, zamani, wasichana wa Kichaga walikuwa na unyago wao ulioitwa shija. Otto Raum aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu utoto wa Wachaga. Uliambatana na kukeketwa, na kwa hilo siulilii hata kidogo. Lakini palikuwa na wanawake wazima waliokaa na binti wakamweleza mwili wake. Pwani na visiwani tuna somo na kungwi, na wengi wao hufundisha vizuri usafi na kumpokea mume. Tulichopungukiwa ni kungwi wa kumwambia mwali: ukiona hivi, hilo si langu, nenda kwa daktari.

Na macho peke yake hayatoshi. Hilo nchi yetu imejifunza kwa kazi. Mwaka 1991 watafiti walikwenda Oria, kijiji cha Kahe kwenye tambarare chini ya mlima huu, wakapima wanakijiji VVU na maambukizi ya via vya uzazi. Taarifa yao ilipotoka mwaka 1997, ilisema tangu kwenye kichwa chake kwamba wanawake ndio walio hatarini zaidi. Miaka hiyohiyo, kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza zilichaguliwa jamii 12 za vijijini. Katika 6 kati ya hizo, wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, siku hiyohiyo, bila kungoja maabara, na dawa zikahakikishwa zipo. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ya madaktari ilisoma habari za Mwanza mwaka 1995.

Ila mtindo huo wa dalili huwafaa zaidi wanaume, na vidonda kwa wote. Kwetu sisi huteleza. Mwanamke anaweza kuwa na kisonono au klamidia asione tone lolote la ajabu. Na mwingine anayetokwa sana huenda ana fangasi tu, au bakteria wake wema wamezidiwa na wengine, mambo ambayo hata msichana asiyeguswa huyapata. Kwa hiyo dada, ute si ushahidi wa zinaa. Ndoa zimevunjika kwa fangasi! Fangasi huja baada ya kumeza antibayotiki, huja na mimba, huja na kisukari. Ikikurudia mara kwa mara, pima sukari.

Sasa lini uende? Rangi ikigeuka kijani au manjano mazito, ikitoka shombo kama ya samaki, ukiwashwa, haja ndogo ikiuma, ukiona kidonda, hiyo ni safari ya wiki hii. Maumivu chini ya kitovu pamoja na homa ni safari ya leo, kwa sababu maambukizi yakipanda juu huziba mirija, na wengi wanaolilia mtoto walianzia hapo. Mjamzito akiona maji yanamwagika au ute umebadilika, asingoje kliniki yake. Vivyo hivyo aliyejifungua au kuharibikiwa mimba akaanza kunuka na kupata homa. Na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, au majimaji yanayonuka yasiyokatika, hiyo usiipe dawa ya duka. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na hujitokeza hivyo. Kuipima mapema ni dakika chache: hupakwa asidi ya siki, penye mabadiliko panageuka peupe. Kwa binti zetu ipo chanjo. Ilianza kwa majaribio hapahapa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018.

Ikiwa ni trikomonasi, kisonono au klamidia, mume naye ameze dawa, vinginevyo mtarudishiana. Ukiwa hujaolewa, mwambie daktari mapema. Atakuuliza, ataangalia nje, na mara nyingi pamba nyembamba au mkojo hutosha kupima. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike na kuingia na mwenzako.

Mimi ndiye niliyeingia na mwali wangu. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, akamuuliza maswali matano hivi. Mwali alikuwa amemeza antibayotiki za kifua wiki mbili nyuma, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Walipochukua pamba na kupima, ilikuwa fangasi. Akapewa dawa, akaambiwa shabu aitupe, na chupi avae za pamba. Hizo nikamshonea mwenyewe, sita, kutoka kwenye vipande vilivyobaki dukani. Siku nne kabla ya harusi alikuja kuchukua gauni, akavuta kiti akakaa, tukanywa chai.