Kuacha, Kuachwa na Kuachana: Talaka katika Sheria za Uganda

Tulipokuwa tukifundisha kauli za vitenzi hapa Ntinda, mwanafunzi mmoja alituuliza: kwa nini mume huambiwa "ameacha" na mke "ameachwa", hata kama ni mke aliyefungasha virago akaenda zake? Tulimjibu kwamba jambo hilo si la sarufi tu. Lina historia, na historia hiyo imo katika sheria za nchi yetu.

Sheria ya Talaka ilitungwa mwaka 1904 kwa kufuata sheria ya Uingereza ya 1857. Mume alipewa talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Waingereza wenyewe waliondoa tofauti hiyo mwaka 1923. Sisi tulibaki nayo hadi Machi 2004, Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha katika shauri lililofunguliwa na Chama cha Wanasheria Wanawake (FIDA). Msingi wake ulikuwa ibara ya 31 ya Katiba ya 1995, inayowapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika. Aidha, mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliharamisha desturi ya kudai mahari irudishwe. Kabla ya hapo, mwanamke ambaye kwao hawakuwa na ng'ombe wa kurudisha aliweza kukwama katika ndoa iliyokwisha kufa.

Kuhusu mali, Tanzania ilitangulia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Hapa kwetu, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba usawa wa ibara ya 31 haumaanishi kila mali ikatwe nusu kwa nusu. Mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya ndoa haigeuki yenyewe kuwa ya wote wawili. Mchango wa kila mmoja hutazamwa, wa fedha na usio wa fedha. Kwa mke anayeishi katika nyumba ya Ntinda yenye hati kwa jina la mumewe, hukumu hiyo ina uzito: miaka yake ya kupika na kulea inahesabika, lakini sharti aithibitishe.

Watoto nao, katika mila zetu nyingi, ni wa ukoo wa baba. Sheria ya Watoto ya 1996 ilitanguliza maslahi ya mtoto mwenyewe. Hapa wanafunzi wetu huchanganya maneno mawili. Ulezi ni kukaa na mtoto na kumwongoza; matunzo ni chakula, mavazi, matibabu na ada ya shule. Mzazi asiyepewa ulezi hajaondolewa wajibu wa matunzo. Mkalimani akikosea hapo, mtoto atakosa ada.

Hivyo basi, walimu wenzetu, tufundishapo kauli ya kutendana, tusiishie kwenye "pigana" na "pendana". Tuongeze "achana" na "gawana". Sheria yetu ilichukua miaka 100 kutoka kuachwa hadi kuachana. Kugawana bado tunajifunza.