Goti Bandia na Saruji ya Madaktari wa Meno

Mwaka 1890, jijini Berlin, daktari wa upasuaji Themistocles Gluck alianza kuwawekea wagonjwa magoti ya bawaba yaliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Kuyachonga hakukumshinda. Kilichomsumbua ni namna ya kuyashikiza kwenye mfupa, akajaribu hata mchanganyiko wa plasta na ulimbo. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo. Usaha wa ugonjwa huo ukaharibu kazi yote.

Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa: kwenye meno. Wajerumani waligundua kwamba akriliki ikisagwa unga na kuchanganywa na kimiminika chake, hutoa donge linaloganda lenyewe bila kupikwa. Watengeneza meno bandia wakalifurahia. Huko Manchester, Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno, ndiye aliyempa wazo la kulitumia donge hilo mpasuaji John Charnley, aliyekuwa akihangaika na nyonga bandia zinazolegea. Charnley akaanza kulitumia kama saruji ya mfupa mwaka 1958.

Wengi hudhani saruji hii ni gundi. Sivyo. Hufanya kazi kama chokaa ya mwashi baina ya mawe: hujaza nafasi, hupenya kwenye vitundu vya mfupa na kugandia humo. Vitundu vikijaa damu na mafuta, haipenyi. Ndiyo maana wapasuaji walikuja kuusafisha mfupa kwa maji ya msukumo kabla ya kuipaka, na kwa maoni yangu usafi huo una uzito zaidi kuliko chapa ya goti lenyewe.

Frank Gunston, Mkanada aliyefanya kazi na Charnley, ndiye aliyeihamishia saruji kwenye goti mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko Hamburg, mpasuaji Buchholz akaitia dawa ya gentamaisini kupambana na maambukizi. Miaka ya 1980 saruji ikashutumiwa kwamba inakula mfupa, na magoti yasiyo na saruji yakashika kasi. Baadaye ikaonekana mkosaji mkubwa ni vumbi la plastiki inayosagika ndani ya kiungo.

Saruji ikarudi kwenye heshima yake, lakini mabishano hayajaisha. Kwenye mfupa wa muundi, wapo wanaoipaka tu chini ya bamba la goti bandia linalokaa juu ya mfupa huo, wakihofia kazi ya kuing'oa siku goti litakapobadilishwa; wengine huizungushia pia mguu wa bamba unaoingia ndani ya mfupa, ili bamba lisitikisike.